Sekunde nane: kuvuka barabara Kondele na Kibuye bila kugombana na dereva

Jumapili, soko la Kibuye mjini Kisumu likiwa limefurika, matusi huruka pande zote mbili za Jomo Kenyatta Highway. Dereva anatoa kichwa dirishani: "Wewe, umechoka kuishi?" Mwenye gunia la viazi anajibu bila kugeuka: "Kwani barabara ni ya babako?" Nakuru, karibu na raundabauti ya KFA, maneno ni hayo hayo kwa lafudhi nyingine. Kila upande unaamini mwenzake hana akili. Lakini ajali nyingi za wanaovuka huanza na hesabu mbovu kabla ujeuri haujaingia: mvukaji amekosea sekunde, dereva amekosea mita, makosa mawili yakakutana katikati ya lami.

Kila mwaka barabara za Kenya huua zaidi ya watu 4,000, na katika takwimu za NTSA, mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama barabarani, kundi linaloongoza kwa vifo ni la wanaotembea kwa miguu. Wanawatangulia abiria, madereva, hata wenye pikipiki. Basi tuifanye hiyo hesabu taratibu, kwa namba.

Hesabu ya anayevuka

Leni moja ya barabara kuu ina upana wa mita 3.5 hivi, kwa hiyo barabara ya leni mbili ni mita 7 za lami. Mtu mzima mwenye afya, asiye na mzigo, hutembea mita 1.2 kwa sekunde, na hiyo ndiyo kasi ambayo wahandisi hutumia sana wakipanga muda wa taa za kuvukia. Ukigawanya unapata karibu sekunde 6. Ongeza 2 za kutazama, kusita na kushuka ukingoni. Jumla ni sekunde 8. Nyanya mwenye mkongojo, mama mjamzito, mtu mwenye beseni la omena kichwani au anayesukuma mkokoteni, hao wape mita 0.9 kwa sekunde au chini ya hapo, na jumla yao inafika 10. Barabara ya leni nne isiyo na kisiwa katikati ni mita 14, na hapo hata kijana mwenye nguvu zake anahitaji sekunde 14.

Sasa geuza sekunde ziwe mita. Gari la kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu inayoruhusiwa na sheria ndani ya mji, hula karibu mita 14 kila sekunde. Kwa sekunde 8 limeshakula mita 111, uwanja wa mpira kutoka goli hadi goli na ziada kidogo. La kilomita 80 hula mita 22 kwa sekunde. Sekunde zile zile 8 zimekuwa mita 178.

Hapa ndipo jicho linapodanganya. Gari likipita kando yako unaona wazi linavyokimbia. Likikujia usoni moja kwa moja, unachoona ni umbo linalokua, na hukua polepole mpaka liwe limeshafika. Kwa sababu hiyo watu huamua kwa umbali: "Bado liko mbali." Mita 100 mbele ya gari la kilomita 50 ni sekunde 7. Mita hizo hizo mbele ya Probox iliyotoka Mamboleo kwa kilomita 80 ni sekunde 4 na nusu, na ukitoa zile 2 za kusita, litakukuta ndiyo kwanza unaimaliza leni ya kwanza.

Mahali unapovuka kila siku unaweza kupapima mwenyewe bila kifaa chochote. Simama pale pale, usivuke. Chagua alama upande wa kulia, ambako gari la leni ya karibu hutokea: nguzo ya taa, bango, mti, lango la shule. Gari likipita kwenye alama, anza kuhesabu kwa mdomo, "elfu moja na moja, elfu moja na mbili," hadi lipite mbele yako. Rudia kwa magari kama kumi, na ufanye hivyo saa ile ile unayovuka, maana kasi ya saa nne asubuhi si ya saa moja jioni. Usitafute wastani. Chukua lililofika haraka kuliko yote. Kama lilitumia sekunde 5, alama iko karibu mno. Sogea hadi nguzo inayofuata. Ukipata alama inayokupa sekunde 8, huo ndio mstari wako. Gari lililoshaupita mstari huo, lisubiri. Lililo nyuma yake limekuachia nafasi. Fanya vivyo hivyo upande wa kushoto kwa leni ya mbali. Kwa hesabu kali leni ya karibu ingehitaji sekunde 5 tu, ila hizo 3 za ziada ndizo zitakazokufaa ndara ikikatika.

Mtoto wa chini ya miaka tisa au kumi usimfundishe hesabu hii ukadhani imeisha. Ubongo wake bado hauwezi kuunganisha kasi na umbali, hata kama darasani anaongoza. Mshike kwenye kifundo cha mkono. Vidole huchomoka.

Kuna mitego miwili ya mashine zetu za huku. Wa kwanza ni bodaboda. Kitu chembamba huonekana kiko mbali zaidi na kinakuja polepole zaidi kuliko kitu kipana, hata vikiwa sambamba, kwa hiyo pikipiki ipe nafasi kuliko macho yanavyokuambia. Zile za umeme zimeongeza jambo lingine, kwamba sikio halikusaidii tena. Wa pili ni tuktuk, na huu ndio unaowapata wenyeji. Tuktuk inakuja taratibu, unaona una muda wote duniani, unaingia. Lakini kitu cha taratibu barabarani daima kina mtu nyuma yake aliyechoka kukifuata, na mtu huyo huchomoka kulipita wakati ule ule unaposhuka ukingoni. Tuktuk isikushughulishe. Hesabu kilicho nyuma yake, na kama hukioni, subiri mpaka ukione.

Hesabu ya dereva

Tangu jicho lione mpaka mguu ubonyeze breki, dereva aliye macho, asiye na simu mkononi, hutumia sekunde 1 hadi 1 na nusu. Kwa kilomita 50, hata hiyo sekunde 1 ni mita 14 zilizokwenda kabla breki haijaguswa. Kisha lami kavu na tairi nzima zinamaliza gari katika mita nyingine 14. Jumla ni 28, na hiyo ni hesabu ya mambo yote kwenda vizuri. Matatu iliyojaza watu na kubeba magunia juu, yenye tairi kipara, hiyo weka mbali na namba hizi. Lami ikilowa, sehemu ya breki inakaribia kuongezeka maradufu.

Madereva wengi husema, "Nilikuwa sikimbii, nilikuwa kwa sitini na kitu tu." Tuitazame hiyo sitini na kitu. Magari mawili yako sambamba, moja kwa kilomita 50, jingine kwa 65. Mtoto anatokea mita 28 mbele. Madereva wote wawili wanashtuka kwa sekunde 1 na kukanyaga breki kwa nguvu sawa. La 50 linasimama likimgusa mtoto kwa shida. La 65 limetumia mita 18 kwa kushtuka tu, limebaki na 10 za kufunga breki, na linapofika pale mtoto alipo bado linakwenda kilomita 49 kwa saa. Yaani ziada ya kilomita 15 haikuongeza ajali ndogo. Pale mwenzake alipokwisha kusimama, yeye amegonga kwa kasi karibu yote ya mji. Ukirudi kilomita 30, unasimama ndani ya mita 14. Hiyo ndiyo kasi ya kupita mbele ya soko na mbele ya shule, hata kama kibao hakijasema, na inakugharimu dakika chache mno katika safari nzima ya Kondele hadi mjini.

Kwenye mistari ya pundamilia mambo yasiwe ya kubahatisha. Ukiona mistari au watu wamesimama ukingoni, toa mguu kwenye mafuta mita 50 kabla na uuweke juu ya breki bila kukandamiza. Tazama kioo cha ndani. Gusa breki kidogo mara mbili tatu ili taa za nyuma zimwonye anayekufuata, maana kinachomtia matatu hofu ya kusimama si dharau peke yake. Anaogopa kugongwa nyuma na lori linalomwegemea. Kisha simama mita 2 au 3 kabla ya mistari. Ukisimama juu ya mistari yenyewe unamficha anayevuka asionekane na leni ya pili, na hilo nitalirudia hivi punde kwa sababu linaua. Usipige honi. Honi humfanya mtu wa mzigo asimame katikati au akimbie, na hayo mawili ndiyo hutaki. Usimpungie mkono apite: wewe unajua leni yako tu, yeye atauamini mkono wako kwa leni zote.

Ukiwa umemgonga mtu, sheria inakutaka usimame na usaidie, na uripoti polisi mapema iwezekanavyo, isipite saa 24. Pale ambapo umati umeshaanza kuokota mawe, watu huendesha moja kwa moja hadi kituo cha polisi kilicho karibu na kuripoti papo hapo. Anayekwenda nyumbani kuficha gari amejiongezea kesi. Kwa walio kando: msimwinue majeruhi kwa kumvuta mikono na miguu kama gunia. Shingo isikunjwe. Pigeni 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu, andikeni namba ya gari mahali pasipofutika, na jamaa za majeruhi wahakikishe tukio limeingia kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi. Bila OB hakuna fomu ya P3, ile ya kuthibitisha majeraha, wala ripoti ya polisi, na bila hizo madai ya bima yatazunguka mpaka mchoke.

Gari lililokusimamia

Ajabu ni kwamba wengi hugongwa baada ya dereva mmoja kuwa mwungwana. Kwenye barabara ya leni mbili kwenda na mbili kurudi, matatu ya leni ya ukingoni inasimama ili mama apite. Mama anashukuru kwa mkono, anaongeza mwendo asimcheleweshe, anachomoza mbele ya ile matatu na kukutana na gari la leni ya pili ambalo halikuwahi kumwona. Dereva wa pili naye aliona tu matatu imesimama, na matatu kusimama popote si habari ngeni. Kwa hiyo ukisimamiwa, vuka hadi kona ya mwisho ya gari hilo, simama hapo, chungulia, ndipo uendelee. Aliyekusimamia akipiga honi kwa kukereka, mwache apige.

Fulu, yaani taa kali za mbele, nazo zina lugha mbili. Kuna dereva anayewasha fulu kukwambia "pita", na kuna mwingine anayewasha fulu kukwambia "nakuja, usithubutu". Taa ni ile ile. Usiisome. Soma pua ya gari: breki zikikamatwa kweli, bonneti huinama na magurudumu hupunguza mzunguko. Mkono wa makanga nao usiuamini zaidi ya upande alioning'inia. Yeye anataka gari lake liondoke.

Kwenye steji mambo huharibika kwa namna nyingine. Sisi huendesha kushoto, kwa hiyo mlango wa matatu uko upande wa kushoto na abiria anayekwenda ng'ambo lazima alizunguke gari. Akipita mbele yake, haonwi na wanaolipita. Akipita nyuma yake akiwa amelibana, haoni yanayotoka mbele. Dawa ni kuiacha iondoke. Ikigoma kuondoka, kama zinavyogoma zikisubiri abiria wa mwisho, rudi nyuma hatua ishirini au thelathini mpaka uone barabara pande zote, ndipo uvuke. Lori na trela ni mbaya zaidi. Dereva wa kabini ndefu hamwoni mtu aliyesimama puani mwa gari lake, na upande wake wa kushoto kuna eneo pana ambalo vioo havifiki. Usipite mbele ya trela lililosimama kwenye foleni hata kama foleni haijasogea tangu asubuhi. Kanuni ya zamani bado ni nzuri: kama huoni macho ya dereva, naye hakuoni.

Raundabauti

Kondele, Kachok, KFA: kote dereva anayeingia raundabauti hutazama kulia, kwa kuwa anayezunguka tayari ndiye mwenye haki ya kupita na hutokea kulia. Kichwa chake kimegeuka huko na mguu uko tayari kwenye mafuta. Wewe unayeshuka ukingoni kutoka kushoto kwake huna pa kuonekana. Anayetoka kwenye raundabauti naye ameshamaliza kazi ya kutazama, anaongeza kasi. Kwa hiyo usivukie pale mdomoni, hata kama njia ndiyo fupi. Rudi nyuma kwenye mkono wa barabara urefu wa gari moja au mawili. Hapo anayesubiri kuingia bado yuko mbele yako akitazama kulia kwake, wewe unapita nyuma yake, mbele ya anayemfuata, ambaye macho yake yako mbele. Kwa upande wa magari yanayotoka, umbali huo unakupa sekunde moja au mbili za kuona indiketa ya kushoto. Asiyewasha indiketa, na hao ndio wengi, mchukulie kuwa anakuja kwako.

Usiku na mvua

Usiku anayetembea huona taa za gari kutoka mbali sana na kudhani kwamba yeye pia anaonekana. Taa za chini za gari humulika mita 40 hivi, na mwenye nguo nyeusi huonekana karibu zaidi ya hapo. Gari la kilomita 80 linahitaji karibu mita 60 kusimama. Jibu liko wazi: dereva anamwona wakati ambapo breki haziwezi tena kumsaidia. Na magari mawili yakikutana, mng'ao wa taa zao unameza kabisa kilicho katikati. Mtu aliyesimama kwenye mstari wa kati akisubiri leni ya pili, hapo ndipo anapotoweka. Kwenye barabara isiyo na taa usisimame katikati kamwe. Subiri pande zote mbili ziwe tupu kwa pamoja.

Pasipo na njia ya miguu, kama sehemu nyingi kati ya Luanda na Maseno, tembea upande wa kulia ukiyatazama magari yanayokuja. Jaketi la reflekta la bodaboda ni zuri kuliko yote. Huna, tumia tochi ya simu, lakini uimulike miguuni, kwa sababu kitu kinachosogea juu na chini kama mguu dereva hukitambua upesi kuwa ni mtu. Ukimulika macho yake unampofusha na kumkasirisha.

Kisumu mvua hupenda kupiga alasiri na jioni, saa zile zile watu wanatoka kazini. Mwavuli ulioinamishwa mbele hufunga macho yote mawili. Uinue ukifika ukingoni, ulowe kidogo. Na mstari wako wa sekunde 8, mvua ikinyesha, usogeze nguzo moja nyuma.

Daraja ambalo hakuna anayepanda

Sheria inamtoza Sh500 mtu anayezuia magari makusudi, na dereva anayepitisha gari kwenye njia ya miguu Sh5,000. Kila baada ya muda askari hujitokeza kukamata wanaovuka ovyo, magazeti hupiga picha, na wiki inayofuata watu wanavuka pale pale. Wanaopenda misako hiyo husema Wakenya hawana nidhamu. Mimi nasema wapewe kikokotoo.

Daraja la miguu linatakiwa kupita juu ya malori, kwa hiyo sakafu yake huwa karibu mita 6 kutoka chini. Kwa ngazi, hizo ni kama vipandio 36 kupanda na 36 kushuka. Kwa mteremko unaofaa kiti cha magurudumu, ambao hupanda mita 1 kwa kila mita 12, ni mita 72 kupanda na 72 kushuka, kabla hujavuka chochote. Mita 144 ni dakika 2 kamili kwa mtu asiye na mzigo, na mteja wako yuko ng'ambo, mita 14 kutoka ulipo. Mchuuzi wa Kibuye mwenye debe la nyanya hataipanda hiyo hata ukimtoza kila siku. Daraja lina mahali pake: barabara ya kasi isiyokatika, yenye leni nyingi, ambapo uzio umezuia njia nyingine. Katikati ya mji, daraja ni namna ya kumwondoa mtembea kwa miguu njiani ili gari lisipunguze mwendo.

Angalia mahali watu wanapovuka kweli. Kwenye nyasi za katikati utaona njia iliyochimbwa na nyayo, na ukiifuata utakuta kila mwisho wake una sababu: huku steji, kule lango la soko, huku shule, kule nyumba za kupanga. Ukiona kivuko kimechorwa mita 200 kutoka kwenye njia hiyo, jua aliyekichora alitazama ramani tu. Mara nyingi dawa ya bei nafuu kuliko zote ni kuhamisha steji, lakini steji ina wenyewe, na ugomvi wa steji ni mada ya siku nyingine.

Kinachofanya kazi kinajulikana. Kivuko kilichoinuliwa, yaani bampu pana yenye mgongo bapa wa mita 3 au zaidi na kimo cha milimita 100 hivi, kikiwa na mistari juu yake, humlazimisha dereva kushuka mwendo bila askari. Kisiwa cha katikati chenye upana wa mita 2, kiasi cha kumeza baiskeli nzima, huigawa ile sekunde 14 kuwa mbili za 8 na mtu anatazama upande mmoja kwa wakati mmoja. Kona zilizobanwa humzuia anayekata kushoto asikate kwa kasi. Kisumu imeshafanya kazi ya namna hii katikati ya mji, kwenye pembetatu ya Oginga Odinga Street, Ang'awa Avenue na Jomo Kenyatta Highway, ambako njia za miguu zilipanuliwa. Tembea hapo kisha utembee barabara nyingine yoyote ya mji siku hiyo hiyo, utaona tofauti kwa miguu yako.

Masoko ya kando ya barabara kuu ni habari nyingine, na nzito zaidi. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani, trela lilipoteza mwelekeo likawafagia wachuuzi, abiria na magari yaliyosimama, na zaidi ya watu 50 wakafa. Pale hakuna mtu aliyekosea kuvuka. Meza za biashara na steji vilikuwa mahali ambapo gari lililokosa breki huishia. Ahero, Luanda, Majengo, Chavakali, zote zina meza zilizokaribia lami kwa namna hiyo hiyo.

Jinsi ya kuomba kivuko

Kwanza ujue barabara ni ya nani, la sivyo barua itazunguka. Barabara kuu za kitaifa, kama ya Nakuru kwenda Nairobi au Kisumu kwenda Busia, ni za KeNHA. Za mijini zilizo chini ya serikali kuu ni za KURA, za mashambani ni za KeRRA, na mitaa mingi ni ya kaunti. Kifungu cha 37 cha Katiba kinakupa haki ya kuwasilisha ombi kwa mamlaka yoyote ya umma, kwa hiyo huombi hisani.

Barua inayosema "wananchi wanateseka" huwekwa kando. Inayobeba namba humlazimisha mhandisi aijibu. Hesabu wanaovuka kila dakika 15 kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili asubuhi, siku mbili za kawaida na siku moja ya soko, ukiwahesabu kando watoto wa shule na wenye mizigo. Kisha pima kasi. Chora alama mbili kwa chaki ukingoni, mita 50 kati yake kwa kamba ya kupimia, na kwa saa ya simu upate sekunde ambazo gari hutumia kutoka ya kwanza hadi ya pili. Gawanya 180 kwa sekunde hizo. Jibu ni kilomita kwa saa. Sekunde 3.6 ni 50, sekunde 3 ni 60, sekunde 2.5 ni 72. Magari 50 yanatosha kuonyesha hali. Mmoja akae kwenye alama ya kwanza akiinua mkono, mwingine ashike saa kwenye ya pili, na wote wasimame nje ya lami.

Ambatisha alama za GPS kutoka kwenye simu, picha ya ile njia iliyochimbwa na nyayo, na namba za OB za ajali zilizotokea hapo kama familia zimekubali kuzitoa. Taja unachotaka kwa jina: kivuko kilichoinuliwa, kisiwa, au steji isogezwe mita fulani upande fulani. Nakala ziende kwa MCA, yaani mwakilishi wa wadi, kwa mkuu wa trafiki wa eneo, na kwa mwalimu mkuu kama kuna shule. Pata muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

Na wakija kujenga, kaa karibu. Bampu iliyotupwa bila rangi, bila kibao mita kadhaa kabla yake na bila taa, ni hatari kuliko kutokuwa nayo, hasa kwa pikipiki usiku: mwendeshaji anaiona ikiwa imeshafika chini ya gurudumu la mbele, na abiria wake ndiye anayerushwa. Rangi ya kawaida huchakaa upesi chini ya magurudumu, basi omba ile ya kuyeyushwa kwa moto yenye chembe za kioo zinazong'aa, na uandike ombi hilo kwenye barua ile ya kwanza, kwa sababu ya pili hujibiwa kwa kuchelewa zaidi.